Bi harusi hahitaji visu 15

Mhariri,

Ukurasa wenu wa familia wa Jumapili iliyopita ulikuwa na makala ya kuwashauri kina mama wanaoandaa kicheni pati kuhusu zawadi za kumpelekea bi harusi. Ya sufuria na majiko ya gesi sina ugomvi nayo. Ila mlipofika kwenye visu mkaandika kwamba ya kununua ni seti, na kadiri vipande vinavyozidi ndivyo thamani inavyozidi. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Magomeni. Harusi, maulidi, hitima, ubarikio, popote ninapoitwa nakwenda na sufuria zangu, miko yangu na visu vyangu. Kamati za kicheni pati nazo nimezikalia sana, na seti hizo nimeziona zikifunguliwa ukumbini kwa vigelegele na taarabu. Boksi lina dirisha la nailoni, ndani kuna stendi inayozunguka, visu vimechomekwa pande zote. Mkitulia mkavihesabu mtakuta sita ni vya mezani, vya kukatia nyama kwenye sahani. Ongezeni mkasi, chuma cha kunolea, uma mrefu wa kushikia nyama, kisu cha mkate, na kingine kirefu cha kuchongea paja zima lililookwa kwenye oveni. Vitatu vinne vinavyobaki vinafanana, tofauti yake ni urefu tu.

Nendeni kwa bi harusi huyo mwaka wa pili. Stendi iko juu ya friji imeshika vumbi, na kazi yote ya jikoni inafanywa na kisu kimoja, aghalabu kile kidogo kuliko vyote, nacho kimeshakuwa butu kiasi kwamba nyanya inapondeka badala ya kukatika. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye visu vingi.

Kabla hamjamshauri mtu anunue kisu gani, muulizeni kwanza anakataje. Kisu kirefu cha inchi 8, ambacho ndicho kinachopigwa picha kwenye boksi, kimetengenezwa kwa mtu aliyesimama mbele ya meza ndefu, kibao kiko chini, ncha ya kisu haibanduki sana kwenye kibao, mpini ndio unaopanda na kushuka. Vijana waliosomea hoteli wanakata hivyo, na wakikata kitunguu hivyo unapenda kuangalia. Lakini angalieni tunavyokata wengi wetu nyumbani. Mama amekaa kwenye kigoda, sufuria iko mbele ya magoti. Fungu la mchicha limekunjwa na kubanwa ndani ya ngumi ya kushoto, majani yamejitokeza kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kisu kinashikwa karibu na ubapa na kuvutwa kuelekea kwenye dole gumba, tena na tena, na ngumi inausogeza mchicha mbele kidogo kidogo. Kitunguu kinakatwa kiganjani: kwanza kinachanjwa juu kwa misalaba, kisha kinakatwa kwa ubavu, vipande vinaangukia humo humo kwenye mafuta. Nyanya vilevile, karoti vilevile. Kibao hakimo kabisa kwenye shughuli hiyo.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kisu cha inchi 8 utamkata. Kinachomfaa ni kisu chenye ubapa wa sentimita 9 mpaka 12, chepesi, chembamba, makali yake yamenyooka, na mpini usioteleza kwenye mkono wenye maji au mafuta. Hicho ndicho kisu cha kwanza, na hapo ndipo penye kustahili fedha nyingi kuliko pengine popote. Humo mna kumenya viazi, kuchuna tangawizi, kutoa kokwa la embe, kukata bamia. Ndizi za kupika zinazotoa utomvu mnazijua: mkono umepakwa mafuta, ndizi iko ndani ya maji, na kisu kinaingizwa chini ya ganda kutoka ncha mpaka ncha. Mpini wa plastiki laini ya kung'aa unazunguka mkononi hapo. Mpini wa mbao, au wa plastiki yenye ukwaruzo, unatulia. Muhogo nao unataka ncha yenye nguvu, maana unachana ganda kwa urefu, unaingiza ubapa kidogo, kisha unalibinua lote kwa kisu. Kisu chembamba mno kama karatasi kinapinda.

Kisu cha pili ndiyo hicho kirefu, na sikikatai. Siku hizi nyumba nyingi zina kaunta, mabinti wetu wanasimama wakipika, na kabichi la kachumbari ya watu wengi huwezi kulimaliza kiganjani. Chukueni cha sentimita 18 au 20, si zaidi. Dukani kishikeni kwa namna mtakavyokitumia, dole gumba na kidole cha shahada vikiubana ubapa pale unapoanzia. Mkono wa bi harusi mwembamba usiangukie kisu kizito kilichochaguliwa na shangazi mwenye mkono wa kupiga ugali. Mtazame na msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ukienda mpaka mwisho wa mpini na kushikwa kwa ribiti, kisu kitaishi. Ukiwa mfupi na umegandishwa kwa gundi, siku kitakapobanwa kwenye boga kitabaki ndani ya boga, na mpini utaondoka nao mkononi. Msikubali tu kudanganywa kwamba kisu lazima kiwe kimefuliwa kwa nyundo ndipo kiwe kizuri. Visu wanavyotumia wenye mabucha, vile vya mpini wa plastiki mweupe au wa njano, vingi vimekatwa kutoka kwenye bati la chuma, na vinashinda vikikata nyama kutwa nzima.

Cha tatu ni cha samaki na nyama. Kama mna shaka kinatakiwa kiweje, nendeni soko la samaki la Feri asubuhi, mpite upande wa vijana wanaopara samaki. Wengi wao wana kisu kimoja tu, nacho si cha kuvutia macho, kimenolewa miaka mpaka ubapa umebaki na upana wa vidole viwili. Mtazameni anavyomfanya kolekole. Magamba yameshatoka. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinashuka mpaka kigonge mfupa wa kati, hapo kinageuzwa na kulazwa, kisha kinakwenda mpaka mkiani kikiteleza juu ya mfupa, na unasikia ule mlio wa kukwaruza. Ubapa unapinda kidogo kuufuata mfupa na kurudi. Mnofu unatoka mzima, na mfupa unabaki mtupu wa kupikia supu. Akiona makali yamepungua anamwagia maji ukingo wa saruji, anapitisha kisu mara chache kila upande, anaendelea. Kwa hiyo kisu cha samaki ni chembamba, kinapinda kidogo, inchi 6 zinatosha. Kuku wa kienyeji naye anakatwa kwa hicho hicho, mradi mpishi apitie kwenye maungio na asipigane na mifupa.

Mifupa, madafu, miwa na nazi ni kazi ya panga dogo. Nazi hupasuliwa kwa mgongo wa panga, si kwa makali, na kisu cha jikoni kisiingizwe kabisa katika mambo hayo. Kisu cha mkate, kile cha msumeno, nunueni kama nyumba hiyo ina watu wa kula boflo, lakini kiwe hicho kimoja tu chenye meno. Seti nyingi za bei ndogo zimejaa visu vya msumeno kwa sababu meno yanaficha udhaifu wa chuma: dukani kisu kinakata, na yakishalika hakuna wa mtaani atakayekunolea jino moja moja.

Sasa chuma chenyewe. Hapa nasema niliyoyasikia mezani kwangu, maana marehemu mume wangu alikuwa fundi UFI pale Ubungo, kiwanda tulichojengewa kwa msaada wa Wachina kikawa kinatoa majembe na mapanga. Alikuwa akisema chuma hakiwi kisu mpaka kiwe na kaboni ya kutosha. Kinapashwa moto mpaka kiwive chekundu, kinachovywa ghafla, kisha kinarudishiwa moto mdogo ili ugumu ule usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Kaboni ikiwa haba, chovya utakavyo, hupati makali ya kudumu. Ili kisishike kutu kinaongezewa kromiamu, kuanzia kama asilimia 10 na nusu kwenda juu. Mchanganyiko huo wa visu ulianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa mtaalamu wa vyuma Harry Brearley.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo elimu hiyo ina faida moja kubwa. Mkiona ubapa wa kisu umegongwa muhuri wa 18/10 na muuzaji anawasifia kwamba ndiyo stenlesi ya daraja la juu, rudisheni. Namba hizo ni kromiamu 18 na nikeli 10, chuma kizuri sana cha vijiko na sufuria, lakini hakikazwi kwa kuchovywa, kwa hiyo kikiwa kisu kinabaki laini. Mimi naingia dukani na kisumaku nilichokitoa kwenye spika mbovu. Nakigusisha kwenye ubapa. Kikikataa kushika, au kikashika kwa kusitasita, naaga. Wauzaji wa Mtaa wa Kongo wananicheka, wacheke. Kushika peke yake hakutoshi, kwa sababu hata chuma chenye kaboni kidogo kinavutwa na sumaku, ila angalau mmeshaviondoa vile vya aina ya kijiko.

Baada ya hapo someni maandishi kwenye ubapa. Visu vingi vya jikoni vya Ujerumani vimeandikwa X50CrMoV15. Hiyo 50 maana yake kaboni nusu asilimia, na 15 ya mwisho ni kromiamu asilimia 15 hivi. Ni chuma cha kati kwa ugumu, kwenye kipimo cha Rockwell kinacheza 55 mpaka 57, hakisumbui kunoa na kikidondoka sakafuni hakimeguki. Vya Kijapani vingi vinafika 60 na kuendelea. Hivyo vinakaa na makali muda mrefu, lakini ukigonga mfupa vinamegeka, na binti anayeanza maisha hana haja ya kisu cha kubembelezwa. Kisu kisichoandikwa chochote zaidi ya maneno ya kusifu teknolojia ya Ujerumani kitazameni kwa jicho la pembeni. Huko kwao jina la mji wa Solingen linalindwa kwa sheria tangu 1938. Kisu hakiruhusiwi kuitwa cha Solingen kama hakikutengenezwa eneo hilo, na hapajasemwa kitu kuhusu teknolojia.

Kama fedha ni ndogo, iko njia nyingine ambayo makala yenu haikuigusa. Mafundi chuma wa Gerezani wapo wanaokubali kukufulia kisu kutoka kwenye springi ya gari. Springi ina kaboni zaidi ya nusu asilimia, inachukua makali ya kutisha, na bei yake haifiki popote. Ninacho kimoja chenye mpini wa mninga, na ndicho ninachokatia nyama ya pilau. Kinashika kutu, hilo lijulikane. Ukikatia ndimu au embe bichi ukakiacha kikapoa na maji yake, kinageuka cheusi papo hapo. Kioshwe, kifutwe kikauke, kipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa. Na wenye stenlesi nao wasijisahau: kwa hewa hii yetu ya chumvi, kisu kilicholala ndani ya beseni la vyombo usiku kucha kinaamka na madoa.

Vile vyenye maua na rangi vya kufanana na mapazia sitavipotezea wino, rangi inabanduka na kuingia kwenye chakula. Vyeupe vya kauri ni vikali kwelikweli siku ya kwanza, ila kuku wa friza anavimegua, na kinoo cha kawaida hakivigusi.

Nimeshangaa makala nzima kuhusu visu haikutaja kinoo hata mara moja. Kisu cha bei mbaya kisichonolewa hakina tofauti na mwiko. Tena kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakikandamiza, kinateleza juu ya ganda la kitunguu, kinamalizia kwenye kidole. Mnunulieni binti jiwe la pande mbili, upande mmoja namba 400, wa pili 1000. Upande wa 400 ni wa kisu kilichokwisha kabisa, wa 1000 ni wa kila mara. Lilowe maji kwanza mpaka liache kutoa mapovu. Mwinamo wa kisu mnaupata hivi: kisimamisheni wima juu ya jiwe, kilazeni nusu ya njia, kisha nusu ya hiyo nusu, halafu kishusheni kidogo tena. Hapo mko kwenye nyuzi 15 mpaka 20 na ndipo pa kubaki. Sukumeni kutoka kisigino cha kisu mpaka ncha bila kubadili mwinamo. Mkipitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, upande ule ambao haujanolewa, mtahisi kitu kinakwaruza ngozi. Ndiyo ishara ya kugeuza upande. Jiwe likikosekana, pindueni kikombe cha kauri: duara lile la chini lisilopakwa rangi linarudisha makali ya kumalizia mapishi ya siku hiyo.

Kujaribu, chukueni gazeti, mlishike hewani kwa mkono mmoja. Kisu kizuri kinachana karatasi kutoka juu mpaka chini bila kuikwanyua. Mimi nilitumia ukurasa ule ule wenye makala yenu, mtanisamehe. Gazeti hilo hilo mkilikunja mara nne na kulifunga uzi linakuwa ala ya kuwekea kisu kwenye droo, kisigongane na miko na vijiko.

Kuhusu wanaonoa mitaani kwa gurudumu la baiskeli, mimi ni mteja wao na nawatetea. Wakati wa Idi ya kuchinja hawapumui, na inavyotakiwa ndivyo, maana Mtume ametuagiza anayechinja anoe kisu chake, asimtese mnyama. Lakini simameni karibu mtazame. Cheche zikiruka mfululizo na kisu hakichovywi majini, chuma kinapata moto, na ukingo ukianza kuwa wa buluu ujue ule ugumu uliolipiwa umeondoka. Mwambieni kijana kwa upole achovye kila baada ya kupitisha. Panga na kisu cha nyama wapeni bila wasiwasi. Kile kidogo cha kila siku noeni wenyewe.

Na msikatie juu ya sahani, wala juu ya ile kaunta ya marumaru. Kibao kiwe cha mbao au cha plastiki. Nimeona kisu cha fedha nyingi kikimalizwa kwa wiki na mtoto wa watu aliyekuwa akikatia matunda kwenye sahani ya glasi.

Kamati ninayoiongoza sasa imeacha kununua seti. Tunachukua visu vitatu nilivyovieleza, panga dogo, kibao cha mbao na kinoo, tunavipanga kwenye ungo na kuvifunga kwa khanga, na ukumbini vinapendeza kuliko lile boksi. Fedha ni ile ile, mara nyingine inabaki ya vitenge. Somo anapewa kazi ya kukaa na binti na kumwonyesha kunoa, nusu saa inatosha, kabla hawajafika kwenye yale mafunzo mengine. Bibi wa Kizaramo mmoja kwenye kamati yetu hakubali kumkabidhi mtu kisu mkononi. Anakiweka chini, anayekitaka akiokote mwenyewe. Nasi tumefanya hivyo hivyo: ungo unawekwa kwenye mkeka, bi harusi anauinua.

Ombi langu, Mhariri, kama nafasi itapatikana kwenye ukurasa ule, mchoraji wenu achore kisu juu ya kinoo kwa ubavu, mwinamo uonekane, na mkono wa kushoto umeshika mchicha. Wasomaji wengi watakata picha hiyo na kuibandika jikoni, kwa sababu kwa maneno peke yake najua mwinamo ule unaeleweka kwa taabu.

Mpishi wa shughuli,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam